Kondoo Anakaribia Kuzaa: Mwongozo kwa Mfugaji Mdogo wa Arusha na Moshi

Maswali ya wanaoanza ni yale yale kila msimu: nitajuaje kuwa ni leo, nivute au niache, mbona mtoto hanyonyi, mbona kondo la nyuma halijatoka. Majibu yako hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Mwongozo unamhusu mwenye kondoo wachache na banda moja, awe Kibosho au Kikatiti. Mwenye mbuzi naye anaweza kuufuata karibu wote, ila mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi.

Kabla hujashika kitu, fahamu hili: kazi yako kubwa si kuvuta. Kondoo wengi huzaa wenyewe bila kuguswa. Watoto wengi tunaowapoteza huzaliwa wazima, kisha wanakufa kwa njaa na baridi ndani ya siku tatu za mwanzo. Kwa hiyo nguvu zako zielekeze kwenye dang'a (maziwa ya kwanza ya mama), ukavu na kitovu. Mkono ndani ya kizazi ni jambo la mwisho.

Kalenda kwanza

Kondoo hubeba mimba siku 147 kwa wastani. Anayewahi huzaa siku ya 144, anayechelewa siku ya 152. Kondoo wetu hupandwa mwezi wowote wa mwaka. Ukimwacha dume na majike muda wote, utapokea watoto Julai usiku wa manane, baridi ya Meru ikishuka, na malisho yakiwa yamekauka. Dume aliyepanda Februari 10 analeta mtoto karibu na Julai 7. Aliyepanda Juni 5 analeta mtoto karibu na Oktoba 30, vuli ikikaribia. Kwa wanaokaa juu, kama Olmotonyi au Marangu, tunapendekeza tarehe hiyo ya pili.

Mwache dume na majike kwa siku 34 hadi 36, kisha mtoe. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 17, kwa hiyo kila mmoja anakuwa amepata nafasi mbili, na uzazi wote utaisha ndani ya wiki tano au sita badala ya kukukesha mwaka mzima. Kama huna banda la pili la dume, tumia njia ya Wamasai: kipande cha ngozi kinachofungwa chini ya tumbo ili asiweze kupanda. Kikague kila wiki kisimchubue.

Neno moja kuhusu dume. Dopa, kondoo wa nyama wa kisasa, ana mwili mkubwa na watoto wake huuzika vizuri, lakini usimpandishe kwa jike mdogo wa Kimasai anayezaa mara ya kwanza. Mtoto atakuwa mkubwa kuliko njia. Jike huyo mpe dume wa Kimasai kwanza, Dopa asubiri uzao wa pili.

Wiki sita za mwisho

Sehemu kubwa ya uzito wa mtoto, karibu asilimia 70, huongezeka katika wiki hizi sita. Wakati huo huo tumbo la mama limebanwa na mimba, hivyo hawezi kula majani mengi kwa mkupuo. Mpe chakula kidogo chenye nguvu, mara mbili kwa siku. Mchanganyiko rahisi ni kilo 7 za pumba za mahindi kwa kilo 3 za mashudu ya alizeti. Anza na gramu 200 kwa jike kwa siku, panda taratibu hadi gramu 400 katika wiki mbili za mwisho. Juu yake weka nyasi nzuri, majani ya lusina au mabua ya maharage. Shina la mgomba lina maji tu. Linakata kiu, halijengi mtoto.

Madini nunua yaliyoandikwa kuwa ni ya kondoo. Kondoo hawavumilii shaba nyingi, na chakula cha nguruwe au baadhi ya madini ya ng'ombe huwa na kiasi kinachoweza kuwaua polepole.

Wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, muulize afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya pepopunda na ya sumu ya utumbo. Mama aliyechanjwa wakati huo humpitishia mtoto kinga kupitia dang'a. Minyoo nayo huongezeka mama anapokaribia kuzaa, kwa hiyo fungua kope la chini la jicho: likiwa jekundu, sawa, likiwa jeupe, minyoo inanyonya damu na anahitaji dawa. Kondoo wa Kimasai huvumilia minyoo kuliko Dopa, lakini kuvumilia si kutougua. Taja kuwa ana mimba kabla ya kununua dawa. Albendazoli haifai mwezi wa kwanza wa mimba.

Vitu vya kuwa navyo tayari

Viweke kwenye ndoo moja yenye kifuniko, wiki mbili kabla ya tarehe:

- iodini ya asilimia 7 hadi 10, na kikopo kidogo cha kuchovyea (kifuniko cha kupimia dawa ya kikohozi kinatosha)
- glavu ndefu na glavu fupi, sabuni, mafuta safi ya alizeti ya kulainishia
- taulo au masweta ya mtumba yaliyofuliwa. Kiboriloni yanapatikana kwa bei ya chini
- kamba mbili laini za pamba, urefu wa sentimita 60, zilizochemshwa dakika 10
- kipimajoto, mizani ya kuning'iniza, tochi ya kichwani
- chupa yenye chuchu, bomba la sindano la mililita 60 na mpira laini wa kulishia, namba 14 au 16, kutoka duka la dawa
- chupa tupu za plastiki za maji ya moto
- namba ya simu ya afisa mifugo au daktari, uliyokwisha kuijaribu ukajua anapokea usiku

Chumba cha kuzalia ni mita 1.2 kwa mita 1.5. Kinaweza kuwa kona ya banda iliyozibwa kwa mbao. Sakafu weka majani makavu ya migomba au nyasi kavu, unene wa kiganja. Maranda ya mbao hunyonya unyevu vizuri, lakini hung'ang'ania kwenye pua ya mtoto mbichi, kwa hiyo yaweke chini na majani juu. Banda lako likiwa la kuinuliwa lenye sakafu ya mbao zenye nafasi, ziba nafasi hizo kwa siku za mwanzo. Mguu wa mtoto huzama humo na kuvunjika.

Upande wa upepo uzibe hadi urefu wa kondoo, juu uache wazi. Banda lililozibwa kote huhifadhi unyevu na harufu ya mkojo, na hapo ndipo kichomi kinapoanzia. Kwa wale wa mlimani, mvua zikianza mwaga majivu kuzunguka nguzo za banda. Siafu wakimkuta mtoto asiyeweza kukimbia, hawamwachi.

Hatua za siku yenyewe

1. Mtambue. Kiwele kimejaa na chuchu zimesimama, sehemu ya uzazi imevimba, mashimo yanaonekana pembeni mwa shina la mkia. Siku yenyewe hujitenga, huacha kula, huparua ardhi kwa mguu, hulala na kuinuka. Hali hii huchukua saa mbili hadi sita, na kwa anayezaa mara ya kwanza huweza kuzidi. Mhamishie chumba cha kuzalia akiwa ameanza dalili hizi. Ukimfungia humo siku tatu mapema atachafua kila kitu.

2. Kaa mbali. Mwangalie kila nusu saa kwa tochi yenye mwanga hafifu. Kusimama juu yake na majirani watano kunamfanya asitishe uchungu.

3. Chupa ya maji ikitokea, tazama saa. Kuanzia hapo mtoto anatakiwa awe nje ndani ya saa moja hivi. Kinachoonekana kwanza ni kwato mbili, nyayo zikitazama chini, na pua ikiwa imelala juu ya magoti. Ukiona hivyo, mwache aendelee.

4. Mtoto akidondoka, toa utando na ute puani na mdomoni kwa vidole. Asipopumua, mchokonoe tundu la pua kwa jani kavu na umsugue kifua kwa taulo kwa nguvu. Usimshike miguu ya nyuma na kumzungusha hewani kama wengi wanavyofundishwa: maji mengi yanayotoka hapo yanatoka tumboni, na ukiteleza umemuua.

5. Mweke mbele ya pua ya mama amrambe. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa wema: wanamfuta mtoto akang'aa, kisha mama hamtambui. Sugua wewe pale tu mama anapochelewa, au kuna baridi kali, au mtoto wa pili yuko njiani.

6. Kitovu. Kikizidi sentimita 10, kata kwa mkasi uliochemshwa ukibakiza sentimita 5. Zamisha kitovu chote ndani ya kikopo cha iodini hadi iguse ngozi ya tumbo, hesabu hadi tano. Rudia baada ya saa 12. Kunyunyiza au kupaka kwa pamba hakutoshi, kwa sababu njia ya vijidudu ni lile tundu la katikati. Mwaga iodini iliyobaki kikoponi.

7. Kamua kila chuchu mara mbili au tatu. Unatoa kizibo kama nta kilichoko kwenye tundu, na unajua kama maziwa yapo. Chuchu zilizoliwa na kupe mara nyingi hazipitishi kitu, na mtoto anaweza kuinyonya chuchu iliyokufa siku nzima bila wewe kujua.

8. Hakikisha amenyonya ndani ya saa mbili. Kumwona akiwa chini ya mama hakutoshi. Mshike tumbo: lililojaa ni la duara na vuguvugu, tupu limebonyea nyuma ya mbavu. Asipoweza mwenyewe, kamua dang'a umpe kwa chupa, mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 2 anapata 100, wa kilo 3 anapata 150, wa kilo 4 anapata 200. Milo minne kwa saa 24 za mwanzo. Baada ya saa sita utumbo unaanza kufunga njia ya kinga, na ikifika siku moja dang'a inabaki chakula tu.

9. Mama mpe maji safi ya uvuguvugu, ndoo nzima, kabla ya chakula. Kisha nyasi.

10. Ngojea kondo la nyuma. Hutoka ndani ya saa sita hivi. Lichukue kwa glavu, lizike kwa kina au lichome. Mbwa wasilipate.

11. Waache chumbani siku moja hadi mbili, mapacha siku tatu. Wape alama ya rangi inayofanana, mama na watoto. Andika tarehe, uzito na jinsia kwenye daftari. Mwaka ujao utajua ni jike gani wa kumpeleka mnadani.

Wakati wa kuingiza mkono

Ingiza mkono kwa sababu hizi tu: nusu saa ya kusukuma kwa nguvu bila kitu kusogea, saa moja imepita tangu chupa ipasuke, kinaonekana kichwa bila miguu, au mkia, au mguu mmoja. Kata kucha, vua pete, nawa hadi kiwiko, vaa glavu, paka mafuta mengi. Mkono uwe mwembamba, kwa hiyo aliye na mkono mdogo nyumbani ndiye afanye kazi hii, isipokuwa mwenye mimba. Mjamzito asiguse uzazi wa kondoo wala maji yake, kwa sababu kuna magonjwa yanayoharibu mimba ya binadamu.

Kwanza tambua miguu. Panda na vidole kutoka kwenye ukwato: viungo viwili vya kwanza vikikunjika upande mmoja, ni mguu wa mbele. Vikikunjika pande tofauti, ni wa nyuma. Kisha fuata mguu hadi kifuani kuhakikisha miguu yote miwili na kichwa ni vya mtoto mmoja. Kuvuta mguu wa pacha huyu na kichwa cha yule ni kosa la kawaida sana.

Mguu mmoja umerudi nyuma: subiri mama apumzike, msukume mtoto ndani kidogo, ufiche ukwato kwenye kiganja chako usichane kizazi, ulete mbele. Kichwa kimegeuka ubavuni: funga kamba kwenye miguu isipotee, rudisha mtoto ndani, shika nyuma ya masikio au kwenye tundu za macho, elekeza pua mbele. Taya la chini usilivute, huvunjika. Anayekuja kwa miguu ya nyuma, nyayo zikitazama juu, hahitaji kugeuzwa. Mtoe hivyo hivyo, na nyonga zikishatoka usisite, kwa sababu kitovu kinakuwa kimebanwa na kichwa bado kimo ndani. Anayetanguliza mkia tupu ni kazi ya daktari, labda uwe umeshafundishwa.

Ukivuta, vuta mama anaposukuma tu, ukielekeza chini kuelekea kiwele chake, siyo moja kwa moja kuelekea kwako. Nguvu za mtu mmoja zinatosha. Ukiona unahitaji wa pili, acha, piga simu. Dakika 15 bila maendeleo, piga simu vilevile. Na ukishaingiza mkono, daktari aamue kuhusu dawa ya kuzuia usaha. Usimchome tu dawa ya chupa iliyobaki mwaka jana.

Mtoto aliyepoa

Joto la kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Weka kidole mdomoni: ukihisi baridi, pima.

Kati ya nyuzi 37 na 39, na anaweza kuinua kichwa: mkaushe, mpe dang'a, mweke kwenye boksi na chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Asiponyonya, tumia mpira. Pima kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, weka alama. Lainisha mpira, upitishe pembeni mwa ulimi akiumeza, hadi alama. Akikohoa au kuhangaika sana, toa, huenda umeingia mapafuni. Akitulia, unganisha bomba bila kisukumio, mimina, acha maziwa yashuke yenyewe. Bana mpira kabla ya kuutoa.

Chini ya 37, kichwa kimelegea: usimimine kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Kama ana zaidi ya saa tano tangu azaliwe, sukari imeisha mwilini, na kumpasha moto kabla ya kupewa glukosi ya sindano kunaweza kumletea degedege afe. Hii sindano hupigwa tumboni na mtaalamu. Mwite, mkinge mtoto na upepo, mkaushe.

Jiko la mkaa usiliingize ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake usioonekana unaua watoto, mama, na wewe uliyekaa kuwalinda.

Matatizo yanayoulizwa sana

*Mama amekufa au hana maziwa.* Tafuta dang'a ya kondoo mwingine, ya mbuzi, au ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Igandishe mapema kwenye pakiti za mililita 150. Iyeyushe ndani ya maji ya vuguvugu yasiyounguza mkono. Ukiichemsha umeua kinga. Mchanganyiko wa maziwa, yai na sukari unashibisha, kinga haimo. Baada ya hapo maziwa ya ng'ombe yanatosha: wiki ya kwanza milo mitano, jumla yake karibu asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa mtoto kwa siku.

*Anamkataa mmoja wa mapacha.* Kagua kiwele kwanza: kikiwa cha moto na kigumu, anakataa maumivu, siyo mtoto. Kama kizima, mfunge mama kichwa kwa kamba fupi ukutani, aweze kula na kulala, mtoto anyonye kila saa tatu. Wengi hukubali ndani ya siku tatu.

*Kondo la nyuma limening'inia saa 12.* Usivute wala usifunge jiwe. Unaweza kuchana kizazi akavuja damu. Mwite mtaalamu.

*Jike hainuki siku chache kabla ya kuzaa.* Mara nyingi ni njaa ya mapacha: ameacha pumba, amezubaa, pumzi ina harufu tamu. Mpe nusu kikombe cha molasi kwenye maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, kama bado anameza. Lakini upungufu wa kalsiamu hufanana na huu, na sindano yake humwinua ndani ya saa moja hivi. Asingoje kesho.

*Mtoto anachechemea wiki ya kwanza, goti limevimba na lina moto.* Kitovu hakikuchovywa vizuri. Antibiotiki leo, ukichelewa, kiungo hakirudi.

*Macho yanatoa machozi, kope limejikunja ndani.* Livute nje kwa kidole mara kadhaa kwa siku. Lisipokaa ndani ya siku mbili, daktari analidunga au kulishona.

*Mtoto analia, mgongo umepinda juu.* Ana njaa. Rudi hatua ya 7.

*Majike wawili au zaidi wametupa mimba ndani ya wiki chache.* Acha kudhani ni bahati mbaya au kijicho. Inaweza kuwa brusela, au homa ya Bonde la Ufa kama ile iliyotupiga kanda ya kaskazini 2007. Watenge majike hao, usiguse mimba kwa mikono mitupu, maziwa yasinywewe mabichi, usichinje. Mpe taarifa afisa mifugo siku hiyo hiyo achukue sampuli kwa ajili ya maabara ya veterinari Arusha, na yeyote nyumbani aliyeshika mimba zile akipata homa, amweleze daktari wa hospitali kwamba anafuga.